FOWILI AU GARI LA KAWAIDA? PIGA HESABU KWANZA

Maharage yamevunwa. Yameanikwa, yamepigwa, yamejazwa magunia. Mnunuzi yuko Biharamulo mjini, au yuko Nyakanazi kando ya barabara kuu. Wiki hii bei ni nzuri. Bei ya wiki ijayo haijulikani. Lakini mvua imenyesha siku tatu mfululizo. Bonde lililo kati ya kijiji na barabara kuu limekuwa uji. Gari la mchomoko limefika ng'ambo ya bonde, limegeuza, limerudi lilikotoka.

Hapo ndipo watu husema, "Tungekuwa na fowili!"

Maneno hayo husikika sana huku Nemba, na katika vijiji vingine vya Biharamulo na Ngara. Vikundi vingi vya wakulima vinaweka akiba. Vikundi vingine vimeanza kufikiria kununua gari lao. Wakifika kwa muuzaji wanaambiwa hivi: gari hili liko la aina mbili. Liko la kawaida, na liko la fowili. La fowili bei yake ni kubwa zaidi. Je, mwongeze fedha?

Mimi ni bwana shamba, si muuza magari. Lakini mazao yaliyooza ghalani kwa kukosa njia ni hasara, sawa na mazao yaliyoliwa na wadudu shambani. Kwa hiyo jambo la gari ni jambo la kilimo. Tulitazame pamoja, polepole, kama tunavyotazama jambo la mbegu au la mbolea.

FOWILI NI NINI?

Kila gari unaloliona lina magurudumu manne. Lakini si magurudumu yote manne yanayofanya kazi ya kulisukuma gari.

Katika gari la kawaida, nguvu ya injini hupelekwa kwenye magurudumu mawili tu. Magari mengine husukumwa na magurudumu ya nyuma. Kenta na Fuso nyingi ziko hivyo. Magari mengine huvutwa na magurudumu ya mbele. Probox nyingi ziko hivyo. Yale magurudumu mawili mengine hufuata tu, kama magurudumu ya mkokoteni.

Katika gari la fowili, nguvu ya injini hupelekwa kwenye magurudumu yote manne. Mbele yanavuta na nyuma yanasukuma. Fikiria watu wanne wanaosukuma mkokoteni wenye mzigo. Wawili wakisukuma na wawili wakitembea kando tu, mkokoteni utakwama upesi. Wote wanne wakisukuma, utapanda mlima.

Jambo hili si geni. Gari la kwanza la petroli lililosukumwa na magurudumu yote manne lilitengenezwa Uholanzi mwaka 1903. Katika Vita Kuu ya Pili, jeshi la Marekani lilitumia Jeep nyingi sana. Mwaka 1948 Waingereza walionyesha Land Rover ya kwanza. Gari hilo wazee wetu wanalijua vizuri. Waliliita Landrova, na kwa miaka mingi lilikuwa ndilo gari la serikali vijijini. Wajapani nao walianza kutengeneza gari lililokuja kuitwa Land Cruiser mwaka 1951.

Watu wa Ngara wanakumbuka mwaka 1994. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo, kiasi cha wakimbizi 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja tu. Mashirika ya misaada yakaja, na magari yao makubwa ya fowili yakajaa barabarani. Tangu hapo wengi wetu tumeamini kwamba gari la kweli ni lile. Lakini kumbuka jambo moja. Mafuta ya magari yale, tairi zake na vipuri vyake vililipwa na wafadhili. Gari la kikundi chenu litalipwa na maharage yenu.

KWA NINI GARI HUKWAMA?

Tazama gari la kawaida lililokwama kwenye tope. Mara nyingi utaona gurudumu moja tu linazunguka kwa kasi na kurusha matope. La upande wa pili limesimama kabisa. Watu hushangaa. Je, gurudumu hilo limeharibika?

Halijaharibika. Hiyo ni kazi ya difu. Difu ni kile chombo cha mviringo kilicho katikati ya ekseli. Kazi yake ni kuyaruhusu magurudumu mawili kuzunguka kwa kasi tofauti gari linapokata kona. Gurudumu la nje hutembea njia ndefu zaidi kuliko la ndani. Bila difu, tairi zingeburutwa na kuliwa upesi.

Lakini difu ina udhaifu wake. Gurudumu moja likikosa mshiko, difu huliachia hilo hilo lizunguke. Lile lililo juu ya udongo mgumu halipati nguvu ya kutosha. Basi gari halitoki.

Sasa elewa jambo ambalo wauzaji hawapendi kulisema. Gari la fowili nalo lina difu, tena mbili au tatu. Gurudumu moja la mbele likiteleza, na moja la nyuma likiteleza, hata fowili hukwama. Magari mengine ya fowili yana kifaa cha kufunga difu ili magurudumu yote mawili ya ekseli yazunguke pamoja. Hayo ndiyo yenye nguvu kweli kwenye matope. Lakini si magari yote ya fowili yenye kifaa hicho.

FOWILI ZIKO ZA AINA MBILI

Aina ya kwanza ni fowili ya kijiti. Ndani ya gari kuna kijiti cha pili kando ya kijiti cha gia. Katika magari mengine kuna kitufe badala ya kijiti. Kwenye barabara nzuri gari hutembea kwa magurudumu mawili. Ukifika kwenye tope unaweka fowili. Mengi ya magari haya yana pia gia nzito, ambayo hupunguza mwendo na kuongeza nguvu. Pikapu nyingi na Land Cruiser za kazi ni za aina hii.

Fowili ya kijiti haitakiwi kutumika kwenye lami kavu. Gari likikata kona, magurudumu ya mbele na ya nyuma hutembea njia za urefu tofauti. Kwenye tope hayadhuriki kwa sababu yanateleza kidogo. Kwenye lami hayatelezi. Basi vyuma vya ndani hujinyonga, na mwisho huvunjika. Dereva akitoka kwenye tope na kuingia barabara ya lami, lazima aitoe.

Aina ya pili ni fowili isiyo na kijiti. Gari lenyewe hugawa nguvu kwa magurudumu manne. Magari mengine, kama Subaru nyingi, hufanya hivyo wakati wote. Magari mengine hutembea kwa magurudumu ya mbele tu, na ya mbele yakianza kuteleza, ya nyuma huingia kusaidia. RAV4 na X-Trail nyingi ni za namna hii. Zimo pia Noah na Probox zilizotengenezwa hivyo.

Aina hii ya pili ni rahisi kuendesha, tena ni salama kwenye barabara ya changarawe yenye utelezi. Lakini nyingi hazina gia nzito, na chini ziko karibu na ardhi. Usidhani ukinunua Probox ya fowili umenunua Landrova. Umenunua Probox inayoteleza kidogo zaidi.

MAMBO AMBAYO FOWILI HAIFANYI

Haya ni muhimu. Yasome mara mbili, na uwasomee wenzako.

Kwanza, fowili haisaidii kusimama. Kila gari hufunga breki kwa magurudumu yote manne, liwe la fowili au la kawaida. Kwenye mteremko wenye utelezi gari la fowili huteleza kama jingine. Tena hatari yake ni kubwa, kwa sababu dereva huona gari linakwenda vizuri, akaongeza mwendo.

Pili, fowili haiinui gari. Tumbo la gari likigusa tope au jiwe, magurudumu huelea bure. Kimo cha gari kutoka chini ni jambo jingine kabisa, na mara nyingi ndilo jambo kubwa zaidi kwenye njia zetu zenye mifereji.

Tatu, fowili haifai kitu kwenye tairi vipara. Kinachoshika ardhi ni tairi. Magurudumu manne yenye tairi vipara yatateleza yote manne.

Nne, fowili haivuki mto uliofurika. Maji yakiingia kwenye injini, injini hufa. Maji yenye kasi hulisukuma gari lolote. Ukikuta maji yamefunika daraja, subiri.

Tano, fowili haimfundishi dereva. Dereva mbaya wa fowili hukwama mbali zaidi, mahali ambapo hakuna mtu wa kumvuta.

MASHINDANO YA SAFARI YANATUFUNDISHA NINI?

Labda utauliza, kuna ushahidi gani? Afrika Mashariki tunao ushahidi wetu wenyewe, tena wa miaka mingi. Ni mashindano ya magari ya Safari.

Mashindano hayo yalianza mwaka 1953. Siku za mwanzo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, wakati wa mvua za Pasaka. Yalipita kwenye matope ambayo wewe na mimi tunayajua. Mwaka 1963 mvua ilikuwa kali hata magari 7 tu yakamaliza. Mwaka 1968 ikawa hivyo tena, yakamaliza 7. Na miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki, kwa gari la Peugeot 404. Peugeot 404 ni gari la kawaida, linalosukumwa na magurudumu mawili ya nyuma.

Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1965, 1974 na 1976. Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda, alishinda mara tano: mwaka 1973, kisha kila mwaka kuanzia 1979 hadi 1982. Magari yao yote yalisukumwa na magurudumu mawili. Mwaka 1983 magari ya Audi ya fowili yalikuja kushindana. Aliyeshinda ni Ari Vatanen, kwa Opel ya magurudumu mawili.

Ilipofika mwaka 1987, Hannu Mikkola alishinda kwa Audi ya fowili. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza gari la fowili kushinda mashindano hayo. Mwaka uliofuata ikashinda Lancia, nayo ni ya fowili. Magari ya magurudumu mawili yakabaki nyuma.

Tunajifunza mambo mawili. La kwanza: kwa zaidi ya miaka 30, gari la kawaida lilishinda matope ya Afrika Mashariki. Lilihitaji dereva hodari, chuma imara na tairi nzuri. La pili: ukweli usifichwe. Mambo mengine yote yakiwa sawa, na fedha ikiwapo, magurudumu manne hushinda mawili. Swali lako wewe si kama fowili ni bora. Ni bora. Swali ni kama kwako inarudisha gharama yake.

CHUKUA KALAMU NA KARATASI

Hapa ndipo elimu ya kusoma na kuandika inapokuwa jembe. Usinunue gari kwa kusifiwa. Nunua kwa hesabu.

Tufanye mfano. Bei hizi ni za mfano tu. Wewe weka bei ulizoambiwa na muuzaji wako.

Tuseme gari la kawaida ni shilingi 18,000,000. Lile lile la fowili ni shilingi 22,000,000. Tofauti ni shilingi 4,000,000. Kikundi kinataka kukaa na gari miaka 5. Gawa 4,000,000 kwa 5. Unapata shilingi 800,000 kila mwaka.

Sasa mafuta. Gari la fowili ni zito zaidi na lina vyuma vingi vya kuzungusha. Kwa hiyo hunywa mafuta zaidi. Tuseme gari litatembea kilomita 15,000 kwa mwaka. La kawaida linakwenda kilomita 12 kwa lita moja. Litakunywa lita 1,250. La fowili linakwenda kilomita 10 kwa lita moja. Litakunywa lita 1,500. Tofauti ni lita 250. Tuseme lita moja ni shilingi 3,000. Basi ni shilingi 750,000 kila mwaka.

Kisha matengenezo. Fowili ina difu zaidi, propela zaidi, na mahali zaidi pa kutia oili. Tuseme shilingi 250,000 zaidi kila mwaka.

Jumlisha:

Nyongeza ya bei: 800,000
Mafuta: 750,000
Matengenezo: 250,000
Jumla kwa mwaka: shilingi 1,800,000

Hiyo ndiyo gharama ya fowili. Sasa unanunua nini kwa fedha hiyo? Unanunua zile siku ambazo gari la kawaida haliwezi kupita, na la fowili linaweza. Basi hesabu siku hizo. Usihesabu siku za mvua zote. Mvua ikinyesha usiku, saa nane mchana njia nyingi zimekwisha kukauka na gari la kawaida linapita.

Tuseme kijiji chenu kina siku 30 za namna hiyo kwa mwaka. Gawa 1,800,000 kwa 30. Kila siku ya tope inakugharimu shilingi 60,000. Je, siku hiyo gari likipita litaingiza au kuokoa zaidi ya shilingi 60,000? Magunia kadhaa ya maharage yasiyooza, au mkungu mmoja mmoja wa ndizi usioiva njiani, yaweza kufikisha hiyo. Hapo fowili inalipa.

Lakini tuseme kijiji kingine kina siku 6 tu. Gawa 1,800,000 kwa 6. Kila siku ya tope inagharimu shilingi 300,000. Kwa fedha hiyo ungeweza kukodi trekta likuvute, ukabaki na chenji. Au ungesubiri kesho jua liwake. Hapo fowili hailipi.

Ukiuza gari baada ya miaka 5, la fowili laweza kupata bei ya juu kidogo. Ondoa hiyo kwenye tofauti, kisha piga hesabu tena. Gari ni lile lile, na kwa vijiji viwili majibu ni tofauti.

Utajuaje idadi ya siku zako? Chukua daftari. Mwaka huu, tangu mvua za vuli hadi mwisho wa masika, andika kila siku ambayo gari lilishindwa kupita. Andika lilishindwa wapi. Mpeni kazi hiyo mtu mmoja wa kikundi anayekaa karibu na njia. Daftari hilo litakuwa na thamani kuliko maneno ya wauzaji kumi.

FEDHA HIYO INGEFANYA NINI KINGINE?

Kabla ya kutoa shilingi 4,000,000 za nyongeza, fikiri njia nyingine.

Tairi. Tairi mpya zenye meno makubwa kwenye magurudumu yanayosukuma huleta tofauti ambayo wengi hawaiamini mpaka waione.

Minyororo ya tairi. Minyororo hufungwa juu ya tairi zinazosukuma, na huuma tope kama makucha. Hufungwa kwenye tope, hufunguliwa kwenye njia ngumu. Ni kazi chafu, lakini bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na fowili.

Vifaa vya kujiokoa. Sepeto, panga, jeki, mbao mbili na kamba nene. Gari lolote linaloingia shamba wakati wa masika liwe navyo.

Upangaji wa mzigo. Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma hushika vizuri likiwa na mzigo wa kiasi nyuma. Likiwa tupu huteleza. Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele ni kinyume. Ukilijaza magunia nyuma, mbele hupungua uzito, na kwenye mlima wenye utelezi magurudumu huzunguka bure. Ndiyo sababu mchomoko uliojazwa mno hushindwa kilima kile kile ulichopanda asubuhi ukiwa na abiria wawili.

Barabara yenyewe. Hili ndilo kubwa. Ukilisoma lile daftari utaona kwamba gari halikwami kila mahali. Linakwama mahali pawili au patatu, pale pale kila mwaka. Ni bonde moja la udongo mweusi, na kilima kimoja ambacho maji hupita katikati ya njia. Palipo na tope pana maji yaliyokosa njia. Mitaro ikichimbwa kando, karavati likiwekwa, na moramu ikimwagwa na kushindiliwa, mahali hapo patapitika.

Tangu mwaka 2017 barabara za vijijini ziko chini ya TARURA, na barabara kuu ziko chini ya TANROADS. Pelekeni ombi lenu kwa maandishi kupitia serikali ya kijiji na diwani. Andikeni mahali penyewe, na idadi ya siku mlizokwama. Ombi lenye hesabu hujibika kuliko malalamiko. Na wakati mnangoja, mitaro haihitaji bajeti. Inahitaji majembe na Jumamosi moja.

Tena fikiri hili. Fowili ya kikundi humpitisha mwenye fowili peke yake. Bonde lililotengenezwa humpitisha mwenye baiskeli, mwenye pikipiki, mama mwenye mtungi na mtoto wa shule.

HESABU YA FEDHA HAISEMI YOTE

Kuna siku moja ambayo haiingii kwenye gawanya na jumlisha. Ni ule usiku wa mvua ambapo mama ameshikwa na uchungu wa uzazi, au mtoto ana homa kali, na hospitali iko Biharamulo au Murgwanza. Usiku ule hakuna anayeuliza bei ya lita.

Kama kijiji chenu kiko ng'ambo ya bonde lisilopitika wakati wa masika, na hakuna njia nyingine, jambo hili liwekwe mezani wakati wa kuamua. Lakini liwekwe kwa ukweli. Ulizeni: gari letu litakuwa kijijini usiku, au litalala mjini? Litakuwa na mafuta? Dereva atapatikana? Fowili iliyosimama chini ya mwembe kwa kukosa kipuri haimfikishi mtu hospitali. Gari la kawaida lililo zima, lenye tairi nzuri na minyororo, litamfikisha.

NANI AONGEZE FEDHA, NANI ASIONGEZE?

Ongeza fedha kwa ajili ya fowili kama:
- siku za kukwama ni nyingi, na zinaangukia wakati wa mavuno;
- njia yenu ina vilima vikali au mabonde marefu ya udongo mweusi ambayo hamwezi kuyatengeneza wenyewe;
- yupo fundi wa karibu anayeijua fowili hiyo, na vipuri vinapatikana bila kuagiza mbali;
- kikundi kina akiba ya kuitunza baada ya kuinunua.

Usiongeze kama:
- safari nyingi za gari ni za lami na changarawe nzuri;
- mnakwama mahali pamoja tu panapoweza kutengenezwa;
- fedha yote itakwisha siku ya kununua;
- mnataka fowili kwa sababu kikundi jirani kinayo.

UKINUNUA LILILOTUMIKA, KAGUA

Magari mengi tunayonunua yametumika Japani au hapa nchini. Nenda na fundi wako, si wa muuzaji.

Ingia chini ya gari. Gari la fowili lina difu mbele na nyuma, na propela au ekseli zinazopeleka nguvu pande zote mbili. Kama Probox inasemwa ni ya fowili na nyuma huoni difu wala propela, basi si fowili, hata kama maandishi yamebandikwa mlangoni.

Pima kwenye udongo laini, si kwenye lami. Weka fowili, ondoka polepole. Sikiliza vishindo na milio. Fowili nyingi za zamani hazijatumika miaka mingi, na za mbele haziingii tena.

Tazama oili inayovuja kwenye difu na giaboksi. Tazama tairi. Zote nne ziwe za ukubwa mmoja na ziwe zimelika sawasawa. Katika fowili isiyo na kijiti hili ni la lazima. Tairi iliyolika huzunguka mara nyingi zaidi kuliko mpya. Kifaa cha kugawa nguvu hufanya kazi bila kupumzika, hupata joto, na huungua. Mtu akibadilisha tairi moja kwa kubana fedha, anaweza kununua gharama kubwa zaidi.

Na ukiwa nayo ya kijiti, itumie. Iweke angalau mara moja kwa mwezi, kwenye udongo, kwa mwendo mfupi, ili oili izunguke na vyuma visishikane. Weka fowili kabla ya kuingia kwenye tope. Wengi huiweka baada ya kuzama, na hapo imekwisha kuchelewa.

Ndugu msomaji, fowili ni chombo, kama trekta na kama jembe. Jembe zuri kwa shamba la mwenzako si lazima liwe zuri kwa shamba lako. Anza na daftari la siku za tope. Mvua ya vuli ikianza, andika tarehe ya kwanza.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika njia ya kijiji chetu, magari hukwama mahali gani? Ni mahali pangapi?
2. Mwaka jana tulikosa kupeleka mazao siku ngapi? Tulipata hasara kiasi gani?
3. Kwa nini fowili haisaidii gari kusimama upesi?
4. Tofauti ya bei ikiwa shilingi 5,000,000, na gari likikaa miaka 4, nyongeza ya bei ni shilingi ngapi kila mwaka?
5. Ni kazi gani ya barabara tunayoweza kuifanya wenyewe kabla ya masika?